Tumbo Langu na Bahari ya Unguja

Kwanza nimshukuru Mungu aliyeumba nchi kavu. Wengine huanza kwa kumshukuru kwa uzima na riziki, nami nashukuru kwa hayo pia, lakini ardhi isiyotikisika chini ya miguu ni neema ambayo watu hawaisifu vya kutosha. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu yeyote ambaye akipanda chombo moyo humchafuka, akatapika mpaka nyongo, halafu akaambiwa na watu wazima wenye akili zao, "Hakuna aliyekufa kwa kutapika." Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na kila aliyeniambia alikuwa amesimama pwani.

Jina langu Mwanaheri. Nimezaliwa Unguja, na baba yangu alinifundisha Kurani na kuandika kwa herufi zake kabla hajafariki. Mama yangu, Bi Mize, ni mtu wa Kaole, hapa kusini ya Bagamoyo. Lakini tangu alipoolewa Unguja hakurudi kwao hata mara moja, na sisi wanawe tuliambiwa kwamba aligombana na kaka zake. Mimi nikaolewa kinyume cha njia yake, kutoka Unguja kuja Bagamoyo, na Bakari, mnunuzi wa sandarusi. Leo mji umejaa Wadachi na askari wao, na watu wana mashaka mengine. Haya ninayoyaeleza yalitokea miaka michache kabla, wakati shaka kubwa ya nyumba yetu ilikuwa tumbo langu.

Nilivuka mara ya kwanza nikiwa bibi harusi, mwishoni mwa kaskazi. Mama hakunisindikiza. Alinisomea dua, akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma, akasema ana nyumba ya kuangalia, akabaki mlangoni. Shangazi yangu ndiye aliyekaa nami chomboni. Nilikuwa nimepakwa hina, nimefukizwa udi, nywele zimejaa asumini. Hatujafika mbali, asumini ile ile iliyokuwa tamu nyumbani ikanigeukia. Mate yakajaa kinywani, jasho la baridi likanitoka mgongoni. Nikatapika wali wa harusi. Nikatapika maji. Nikatapika kitu cha kijani, kichungu, na baada ya hapo tumbo likaendelea kujikamua wakati halina kitu tena, na hapo ndipo panapouma, chini ya mbavu. Shangazi aliniambia, "Jikaze, mwanangu, unaharibu wanja." Mimi nilikuwa naomba chombo kizame.

Pwani ya Bagamoyo maji yakitoka, chombo hukaa mbali, na abiria hubebwa mabegani mpaka mchangani. Bibi harusi wa heshima hubebwa amekaa wima, amefunikwa vizuri. Mimi nilibebwa kama gunia la mtama, kichwa huku, miguu kule, na mchukuzi wa watu nikamtapikia mgongoni. Akasema tu, "Pole, bibi. Jana nimebeba bwana mkubwa mmoja, naye alifanya vivyo hivyo." Akaniweka chini taratibu. Jina lake sikulijua, lakini dua zangu humfikia popote alipo.

Mkwe wangu, Bi Mwanajuma, alikuwa ameniandalia mlangoni beseni la maji ya waridi, kwa desturi yetu ya kumwosha miguu bibi harusi anapoingia. Wageni wamejipanga, vigelegele viko kwenye ncha za ndimi. Alinitazama mara moja, akalisogeza lile beseni, akaagiza maji ya kisima. Akaniosha uso, mdomo na shingo mbele ya watu wote. Shangazi akaanza kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

"Miguu haina haraka," akasema Bi Mwanajuma. "Tuoshe kwanza pale penye mtu."

Toka siku ile nikampenda, na wakwe hawapendwi upesi namna hiyo.

Jambo ambalo watu wa pwani hawalisemi ni kwamba bahari hukufuata nyumbani. Nililala kitandani, kitanda kikapanda wimbi na kushuka. Nikishika ukuta, ukuta nao una mkondo wake. Bakari, bwana harusi mwenye haki zake zote, fungate nzima aliimaliza kwa kunipepea na kuniuliza kama nyumba imetulia. Midomo ilipasuka, pete zikawa zinanitoka vidoleni zenyewe. Uji wa mchele ndio ulionirudisha, kidogo kidogo.

Mwaka uliofuata, mwanzo wa kusi, nilimkumbuka mama mpaka chakula kikanishinda. Bakari akanipeleka. Mtu akitaka kujua maana ya kungoja, na angoje chombo: unaambiwa maji yakijaa, yanajaa; unaambiwa upepo, upepo unakuja; kisha nahodha hayupo, kaenda kuoga. Nilikaa juu ya mzigo wa watu pwani, pembeni yangu papa mkavu na mitungi ya samli, mbele yangu Wanyamwezi waliotoka bara na pembe zao za ndovu wakiimba kwa furaha ya kuiona bahari. Mimi kuiona tu kulitosha. Nilianza kutapika kabla sijapanda.

Nilifika Unguja sijitambui. Na hapo nikaona ajabu. Mama alijua kila kitu. Hakuniletea bakuli la maji, alininywesha kwa kijiko na kungoja. Alinilaza ubavu, akawakataza watu wasifukize udi, akanipa ganda la ndimu ninuse. Nilipopata kauli nikamwuliza kayajua wapi.

"Mama hafundishwi," akasema, akatoka nje na kijiko chake.

Nikakaa kwake mpaka nikanenepa. Kurudi ndiko kulikovunja kila kitu, maana kusi ilikuwa imepamba moto, na katikati ya safari matapishi yakatoka na nyuzi za damu. Bakari alilia mbele ya mabaharia. Tulipofika akasema maneno yake: "Hutavuka tena, Mwanaheri. Nikikuzika, nikuzike kwa ugonjwa wenye jina."

Alinikataza kwa upendo, na mimi nikamchukia kwa upendo huo huo. Ami zake walikuja barazani wakaongeza chumvi: mke gani huyu, kwao kukifiwa hawezi hata kwenda kuzika? Bakari akawajibu vibaya, wakakaa muda hawaji. Kwangu mama akawa ni mtu wa kikapu: msafiri akija toka Unguja, huleta shokishoki na karafuu na salamu, nami hurudisha samaki mkavu na salamu. Nikawa najua afya ya mama yangu kwa jinsi kikapu kilivyofungwa.

Wakati wa vuli Bi Mwanajuma akaamua kuwa nina pepo wa bahari. Msimcheke, kila mtu mjini alikuwa na mawazo hayo, na mimi mwenyewe nilianza kuamini. Akanipeleka kwa Bi Tausi, fundi wa pepo. Tulingoja ukumbini kwake na wanawake wengine, kila mmoja na lake: huyu hashiki mimba, yule mkono umekufa ganzi, yule mumewe kaoa wa pili na yeye hapati usingizi. Walipoambiwa langu wakanionea huruma, kisha wakasogea mbali kidogo na mapaja yangu.

Bi Tausi akasema pepo wa bahari haulizwi jina nchi kavu. Anaulizwa nyumbani kwake. Nifunge, nisile kitu toka jana yake, kisha nipelekwe juu ya maji na chano cha halua, asali, mayai na maji ya waridi, na huko atapanda kichwani na kusema anachotaka. Basi dawa ya mtu anayeumwa na bahari ikawa kumtia baharini na njaa yake. Wakanikalisha katika dau lililotiwa nanga, na wanawake na ngoma zao ndogo, na dau likaanza kuyumba kwa ngoma zile. Ugonjwa wangu haukuchelewa. Nikatapika juu ya halua.

Vigelegele! "Kapanda! Kapanda!"

Bi Tausi akanishika mabega. "Karibu, mwenyewe. Jina lako nani? Unataka nini?"

"Nirudisheni pwani," nikasema.

Wakatazamana. Bi Tausi akauliza tena, kwa heshima zaidi, na mimi nikajibu vile vile, kwa sauti ambayo kweli haikuwa yangu. Wakajadiliana pale pale, chombo kinayumba, mimi nimeshika ubao. Mmoja akasema basi huyu si pepo wa bahari, ni wa bara, ndiyo maana anataka nchi kavu. Mwingine akasema wa bara hali halua. Bi Tausi akakata shauri kwamba ni pepo wa pwani, hajawahi kumwona wa namna yake, na ngoma yake itabidi itafutwe upya. Tuliposhushwa majini, maji ya magotini, Bi Mwanajuma akanitazama usoni na kucheka mpaka akakaa chini, leso na kanzu vyote maji tupu.

"Mwanangu," akasema, "pepo wako ni wewe."

Hatukurudi tena kwa Bi Tausi, ingawa ni mtu mwema na halua iliyobaki alituletea nyumbani.

Aliyenisaidia kwa kweli alikuwa jirani yetu Kulsum, mke wa Mhindi wa duka la nguo. Alisikia habari za dau, akaja na kifuko cha tangawizi kavu na kipande cha sukari guru, akaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Mimi nimetapika toka Kachi, kwetu Uhindini, mpaka Unguja," akaniambia. "Bahari kubwa, si hii yenu ya kuona ng'ambo. Nilimwambia mume wangu, nitupe. Akasema, kesho. Kila siku kesho. Mpaka tukafika."

Nililia, na si kwa huzuni. Kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa ameniambia kwamba ugonjwa wangu upo. Kulsum alinieleza aliyoyapata kwa taabu, nami nayaandika hapa kama alivyonipa. Usipande na njaa, kula kitu kikavu, muhogo wa kuchoma au mkate. Kaa katikati ya chombo, karibu na mlingoti, wala si nyuma tezini. Lala chali na macho uyafumbe, au kaa na macho uyatupe mbali penye nchi, usitazame maji ya karibu. Tafuna tangawizi polepole. Kaa mbali na samli na papa. Na utapike tu ukitaka, usione haya, haya huongeza ugonjwa. Nilikuja kuyafanya hayo baadaye sana, nilipovuka, Bakari mwenyewe karidhia, kwenda harusi ya mdogo wangu. Nilitapika, sisemi uongo, lakini nilishuka kwa miguu yangu na nikacheza ngoma jioni yake.

Kabla ya hapo nikashika mimba. Kaskazi ilikuwa inavuma, na asubuhi moja nikatapika uani nikiwa nimesimama nchi kavu. Nilidhani bahari imenifuata hadi jikoni. Bi Mwanajuma akanitazama kifua, akanitazama macho, akapiga kigelegele peke yake.

Furaha ile ikaja na mzigo wake. Kwetu mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake. Ndiyo desturi, na zaidi ya desturi ndiyo hamu: mama ndiye anayekushika, mama ndiye anayekukanda kwa maji ya moto, mama ndiye anayekukemea ukiogopa. Mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeona shoga yangu akizikwa na mtoto wake ubavuni. Nilitaka mikono ya mama yangu, basi, sikutaka ya mtu mwingine. Nikamwambia Bakari nitavuka. Mkunga akamwambia nikitapika kama nilivyozoea, mtoto atatoka chomboni, na mimi nitamfuata. Bakari akaweka mkono mlangoni.

Nikamtumia mama salamu kwa mfanyabiashara aliyekuwa akivuka: mwanao ana mimba, hawezi kuja, amenyimwa ruhusa na tumbo. Masika ikaisha, hakuna jibu. Hata kikapu hakikuja. Miguu ikavimba, uso ukavimba, nikawa nakaa ukumbini mchana kutwa nikisikiliza hodi za watu. Kulsum akija na achari zake nami namtazama mikono tu kama ana habari. Bi Mwanajuma akaniambia, "Nitakushika mimi, nami nimeshika wengi." Namshukuru kwa neno lile. Halikunitosha.

Kusi ikaingia na nguvu zake, bahari ikawa nyeupe, na vyombo vingi vikakaa ufukweni. Adhuhuri moja mchukuzi akabisha. "Hodi! Kuna mgonjwa wenu pwani. Katoka Unguja, anaitaja nyumba hii."

Sijui nilifikaje na tumbo lile, Bi Mwanajuma ananifuata nyuma akinikemea. Juu ya mchanga, chini ya kipande cha tanga, mwanamke alikuwa amelala ubavu, vidole vimezama mchangani. Uso wake ulikuwa wa rangi ambayo mimi naijua, maana niliiona kwenye kioo.

"Mama!"

"Usinisemeshe," akasema. "Nchi imesimama?"

"Imesimama, mama."

"Waongo nyote."

Tukamchukua nyumbani. Nikamlaza ubavu, nikawakataza watu udi, nikamnywesha kwa kijiko na kungoja, nikampa ganda la ndimu. Alinitazama ninavyofanya yote hayo. Alipopata nguvu ya kusema akaniomba nimsogelee.

"Sikugombana na kaka zangu," akasema. "Baba yako aliponivusha toka Kaole nilitapika kutwa, nikaapa sitaiona tena bahari. Mama yangu akanitumia watu nije. Nikasema kesho kutwa. Akaumwa, nikasema upepo ukipoa. Akafa. Nikaona haya kusema ni tumbo, nikasema ni ugomvi, na kaka zangu wakauamini. Sasa salamu zako zilipofika nililala nazo siku nyingi. Nikajiambia, Mize, wa juu yako ulimkosa. Na wa chini yako?"

Nikamwangukia kifuani tukalia wote wawili, na Bi Mwanajuma mlangoni akalia pia, halafu akasema tupunguze, tutamtoa mtoto kabla ya wakati.

Mtoto akaja hata hivyo, siku chache tu baadaye, mama bado anatembea kwa kushika kuta. Mkunga alikuwapo, lakini mama ndiye aliyekaa mbele yangu. Uchungu uliponizidi nikamwambia siwezi, na ilikuwa kweli, nilikuwa nimefika mwisho wangu.

"Sukuma, mwanangu," akasema. "Mimi nashika. Ukiona nyumba inayumba, ni kwangu peke yangu, wewe sukuma."

Nikacheka. Katikati ya uchungu ule, nilicheka, na mtoto akatoka na kile kicheko. Msichana mzima, sauti ya kukera. Tukamwita Mize.

Mama alinikanda arobaini nzima, akanipikia uji wa pilipili manga, akagombana na Bi Mwanajuma juu ya namna ya kumfunga mtoto tumbo, wakapatana, wakagombana tena. Arobaini ilipokwisha, Bakari alimpeleka mama Kaole kwa miguu, njia ya ufukweni, naye akalizuru kaburi la mama yake na kuonana na kaka yake mmoja aliyebaki. Alirudi macho mekundu.

Kisha maleleji ikaja, upepo umelegea, bahari laini, na kaka yangu Sudi akavuka kumchukua mama. Ana nyumba yake Unguja, ana shamba lake dogo la mikarafuu, ana watoto wengine na wajukuu. Mimi sikuwa na haki ya kumzuia. Nilimfungia muhogo wa kuchoma na tangawizi, nikamweleza juu ya mlingoti, naye akaitikia kila neno. Tukamsindikiza wote pwani, mtoto begani kwa Bi Mwanajuma. Maji yalikuwa yamejaa, dau limekaribia kabisa. Sudi akampa mkono. Mama akaingiza mguu mmoja ndani, dau likacheza chini yake kidogo tu, kama linavyocheza dau lolote.

Akautoa mguu.

"Mama, bahari shwari," akasema Sudi. "Tazama, haina hata wimbi."

"Naiona," akasema mama, akamkabidhi kifurushi chake cha tangawizi. "Wasalimie wote. Waambie mwenye haja na mimi na aje. Mimi zamu yangu nimeshavuka."

Akageuka, akamchukua mjukuu wake begani kwa Bi Mwanajuma, akapanda mchanga mbele yetu bila kutazama nyuma. Alhamdulillahi, yuko chumba cha pili sasa hivi ninapoandika, anamfokea mtu.